Kurusha Skrini ya Kompyuta Kwenye Runinga Bila Waya: Miracast, AirPlay au Google Cast

Kikao cha tatu cha harusi ya mdogo wangu kilifanyika sebuleni kwa shangazi yetu, na mhazini alikuja na kompyuta mpakato yake ili jedwali la bajeti lionekane kwenye runinga iliyotundikwa ukutani, badala ya wajumbe kumi na wanane kupokezana karatasi mbili. Runinga ilikuwa mahiri, kompyuta ilikuwa nzima, na Wi-Fi ya nyumbani ilikuwa inafanya kazi. Hata hivyo kikao kilichelewa kwa zaidi ya nusu saa, kwa sababu binamu yangu aliyeshika rimoti alikuwa amefungua ukurasa wa kupokea picha kwa njia moja huku mhazini akituma kwa njia nyingine, na kila mmoja aliamini kwamba kifaa cha mwenzake ndicho kibovu.

Njia zinazotumika zaidi ni tatu: Miracast, AirPlay na Google Cast. Kwa mtazamaji aliyekaa kwenye kochi hazina tofauti, maana zote humwonyesha kwenye kioo kikubwa kilichokuwa kwenye kioo kidogo. Tofauti ipo katika barabara ambayo picha inapita tangu inapotoka kwenye kompyuta hadi inapofika kwenye runinga, na barabara hiyo ndiyo inayoamua kama utahitaji ruta (kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi ya nyumbani), kama bando lako litaguswa, kama picha itaganda, na kama jirani au mgeni anaweza kuingilia. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu mwenye vifaa vyake mkononi, au anayekaribia kuvinunua, ambaye hajui ashike ipi.

Vigezo vya kulinganisha

Nimetumia vigezo vitano. Cha kwanza ni vifaa, yaani kompyuta gani inaelewana na runinga gani bila kuongeza kitu. Cha pili ni mtandao, pamoja na swali ambalo watu wengi huniuliza kabla ya yote: je, hii inakula bando? Cha tatu ni ubora wa picha na kiasi inavyochelewa nyuma ya mkono wako. Cha nne ni faragha, kwa sababu skrini ya kompyuta hubeba mambo ambayo hayakukusudiwa kuonwa na sebule nzima. Cha tano ni gharama. Uzito wa kila kigezo hutegemea unachotaka kuonyesha: anayetazama filamu hajali sana picha ikichelewa nusu sekunde, lakini anayecheza mchezo wa kompyuta atashindwa kabisa.

Vifaa vinavyoelewana

Miracast ni kiwango cha Wi-Fi Alliance, muungano wa kampuni unaosimamia viwango vya Wi-Fi, na kilianza kuthibitishwa kwenye vifaa mwaka 2012. Windows ilikipokea rasmi katika toleo la 8.1 mwaka 2013, na mpaka leo Windows 10 na 11 zinacho ndani yake. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi K, na orodha ya runinga zilizo karibu itatokea pembeni. Kwa upande wa runinga, kikwazo ni jina, kwa sababu watengenezaji wengi hawaandiki Miracast kwenye menyu zao. Samsung huweka Smart View au Screen Mirroring, LG huweka Screen Share, na Hisense imewahi kutumia Anyview Cast. Mtu anayetafuta neno Miracast kwenye rimoti anaweza kuhitimisha kwamba runinga yake haina, kumbe inayo. Kompyuta za Mac, yaani za Apple, hazina Miracast kabisa.

AirPlay ni ya Apple, na kwa Mac hali ni ya kinyume: ipo tayari, haihitaji kupakua chochote, na hufunguliwa kutoka kwenye alama ya kuakisi skrini juu ya kioo. Ilianza mwaka 2010, na Mac zikapata uwezo wa kuakisi skrini nzima mwaka 2012. Kwa miaka mingi ilihitaji kisanduku cha Apple TV kilichochomekwa kwenye runinga, lakini kuanzia mwaka 2019 Samsung, LG, Sony na Vizio zilianza kutoa runinga zenye AirPlay 2 ndani, na watengenezaji wengine wakafuata katika baadhi ya matoleo yao. Mtumiaji wa Windows hawezi kurusha skrini yake kwa AirPlay bila programu ya ziada, na sioni sababu ya kuinunua kama runinga inapokea njia nyingine.

Google Cast ilikuja Julai 2013 pamoja na Chromecast, kijiti kidogo cha kuchomeka kwenye runinga kilichouzwa dola 35. Utengenezaji wa Chromecast ulisitishwa mwaka 2024, jambo ambalo limewafanya baadhi ya watu wadhani kwamba njia yenyewe imekufa. Haijafa, kwani imejengwa ndani ya runinga zenye Android TV na Google TV, mifumo ya runinga ya Google, zikiwemo nyingi za Sony na TCL. Kwa upande wa kompyuta, hii ndiyo isiyochagua kabila la mashine: penye kivinjari cha Chrome, iwe ni Windows, Mac, Linux au Chromebook, pana Google Cast. Utaikuta kwenye nukta tatu za pembeni, kwa jina Cast.

Mtandao na bando

Katika Miracast, kompyuta na runinga hufungua mawasiliano yao wenyewe ya Wi-Fi, kifaa kwa kifaa, bila ruta na bila intaneti. Unaweza kuirusha picha kwenye chumba cha darasa ambacho hakijawahi kufikiwa na ruta, mradi kompyuta na runinga viko ndani ya mita chache na havijatenganishwa na ukuta mnene. Bando haliguswi hata kidogo. Windows 10 ya mwaka 2017 iliongeza uwezo wa kupitisha Miracast kwenye mtandao wa nyumbani pale kifaa kinachopokea kinapouruhusu, lakini runinga nyingi za majumbani huendelea na njia ya moja kwa moja.

Faida hiyo ina mtego, na ndio uliotunasa kwenye kikao baada ya kukubaliana hatimaye tunatumia njia ipi. Kompyuta nyingi zina redio moja tu ya Wi-Fi. Ikiwa imeunganishwa na ruta kwenye chaneli moja ya Wi-Fi na wakati huohuo inazungumza na runinga kwenye chaneli nyingine, redio hiyo hulazimika kurukaruka kati ya pande mbili, na picha huanza kukatika. Kila mhazini aliposogeza jedwali, mistari iligeuka miraba ya rangi, ikatulia, kisha ikavurugika tena. Tulichofanya ni kupakua faili la bajeti likae ndani ya kompyuta, kisha tukaiondoa kompyuta kwenye mtandao wa ruta bila kuzima Wi-Fi yenyewe, maana ukiizima Wi-Fi umeizima na Miracast. Picha ilitulia papo hapo na haikusumbua tena hadi kikao kilipofungwa.

AirPlay na Google Cast kwa kawaida hupita kwenye mtandao wa nyumbani. Kompyuta na runinga lazima viwe kwenye Wi-Fi moja, na kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni ruta yenye majina mawili, moja la kawaida na jingine la wageni, huku kompyuta iko hapa na runinga iko kule. Majina ya masafa ya 2.4 na 5 GHz katika ruta moja huwa yanawasiliana, lakini mtandao wa wageni umetengwa kwa makusudi, na kifaa kilichomo hakiwezi kuiona runinga. Hivyohivyo kwenye hoteli, mabweni na ofisi nyingi: mtandao hufungwa ili mteja mmoja asikione kifaa cha mwingine, na hapo AirPlay na Google Cast hukwama hata kama intaneti ina kasi nzuri.

Picha inayopita kwenye mtandao wa nyumbani hailipiwi. Safari ya kutoka kompyuta hadi ruta hadi runinga iko ndani ya nyumba, kwa hiyo ukionyesha picha za harusi zilizo kwenye diski yako, bando halipungui kwa ajili ya picha hizo. Kinachokula bando ni kile unachokivuta kutoka nje. Hapa Google Cast ina tabia yake ya pekee inayostahili kueleweka. Ukibonyeza alama ya Cast iliyo ndani ya video ya YouTube, kompyuta haitumi picha. Huipa runinga anwani ya video, na runinga huivuta yenyewe kutoka intaneti. Kompyuta inabaki kuwa rimoti, na unaweza hata kuifunga. Ukirusha kichupo kizima, yaani ukurasa mmoja uliofunguliwa kwenye kivinjari, badala yake, kompyuta huivuta video, huifungua, huikandamiza upya na kuituma, nayo hupata joto na betri hushuka. Njia ya kwanza ni nafuu kwa kompyuta, lakini runinga kubwa huelekea kujichagulia ubora wa juu kuliko ambao kompyuta yako ingetumia, hivyo mwenye bando la kubana apunguze ubora kwenye mipangilio ya video.

Wasio na ruta hutumia hotspoti ya simu. Unganisha kompyuta na runinga kwenye simu ileile, na kwa simu nyingi AirPlay na Google Cast vitafanya kazi. Jihadhari na jambo moja: runinga iliyopata intaneti inaweza kuanza kupakua masasisho yake bila kukuuliza, na ndipo mtu anashangaa bando la wiki limekwisha jioni moja. Zima masasisho ya moja kwa moja kwenye mipangilio ya runinga kabla ya kuiunganisha na simu.

Ubora wa picha na kuchelewa

Njia zote tatu hukandamiza picha kabla ya kuituma, kwa hiyo hakuna itakayofikia ung'avu wa waya wa HDMI, ule unaochomekwa moja kwa moja kati ya kompyuta na runinga. Kwenye maandishi madogo utaona kingo za herufi zikiwa na ukungu, hasa pale unaposogeza ukurasa. Hilo halitibiwi kwa kubadili njia. Ongeza ukubwa wa maandishi hadi asilimia 125 au 150 kwenye kompyuta, na anayeketi nyuma atakushukuru.

Kwa kuchelewa, Miracast na AirPlay huwa karibu: kipanya kinaonekana kujivuta kidogo, lakini unaweza kufundisha au kuendesha wasilisho bila kuudhika. Kurusha kichupo kwa Google Cast huchelewa zaidi, kiasi kwamba kuandika huku unatazama runinga kunachosha, ilhali video inayovutwa na runinga yenyewe hutoka safi kuliko zote kwa sababu haikukandamizwa mara ya pili. Katika hizo tatu, sioni hata moja ninayoweza kumpa mtu anayecheza michezo ya kasi.

Kwa watumiaji wa AirPlay na Google Cast kuna marekebisho madogo yenye faida kubwa. Kompyuta na runinga zote zikiwa kwenye Wi-Fi, kila picha hupita hewani mara mbili, kwenda kwa ruta na kutoka kwa ruta. Ruta ikiwa karibu na runinga, ziunganishe kwa waya wa mtandao, na nusu ya msongamano huo itaondoka.

Jambo la mwisho chini ya kigezo hiki ni sauti na filamu za kulipia. Miracast na AirPlay huhamishia sauti kwenye runinga, na isipohama unaichagua kwenye alama ya spika. Kwa Google Cast, sauti ya kichupo hufuata, lakini ukirusha skrini nzima ijaribu mapema kwa sababu si kila mfumo endeshi huipitisha. Huduma za filamu za kulipia nazo zinaweza kutoa kioo cheusi unapoakisi skrini, kutokana na ulinzi wa hakimiliki, kwa hiyo filamu hizo zifungue kwenye programu iliyo ndani ya runinga yenyewe.

Faragha na usalama

Jedwali la mhazini wetu lilikuwa na kurasa mbili. Wa kwanza ulikuwa bajeti. Wa pili ulikuwa orodha ya ahadi, nani ametoa, nani bado, na kiasi gani. Ukurasa wa pili haukupaswa kuonwa na mtu yeyote zaidi yake na mwenyekiti, na baadhi ya waliokuwa na deni walikuwa wameketi pale pale, wakiwemo wazee wetu. Ndiyo maana nahesabu kigezo hiki kuwa kizito kama ubora wa picha.

Katika Miracast, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P na uchague kupanua badala ya kurudufu. Runinga itakuwa kioo cha pili, na kitaonyesha dirisha ulilolisogeza huko tu, huku kioo cha kompyuta kikibaki chako. Mhazini alifanya hivyo, akasogeza bajeti kwenye runinga na orodha ya ahadi akabaki nayo. Mac nayo, kupitia AirPlay, hukuruhusu kuifanya runinga kuwa skrini ya pili. Google Cast hufikia lengo hilo kwa njia rahisi zaidi: rusha kichupo kimoja, na hakuna kingine kitakachoonekana, hata ukifungua barua zako kwenye kichupo cha jirani.

Ujumbe unaochomoza pembeni mwa skrini ni hatari ya pili. Mac kwa kawaida huzificha arifa wakati skrini inaakisiwa, na Windows ina mpangilio wa kuzinyamazisha unaporudufu. Hakikisha umewashwa kabla wageni hawajafika. Hatari ya tatu inatoka nje. Kwenye nyumba za kupanga zilizobanana, kompyuta ya jirani inaweza kuiona runinga yako kwa Miracast na kutuma ombi, hivyo iweke runinga iombe namba ya siri. AirPlay inaweza kudai namba inayotokea kwenye runinga, mara ya kwanza au kila mara. Google Cast hutegemea mtandao wenyewe, maana yake aliye na nywila ya Wi-Fi yako anaweza kurusha kitu kwenye runinga yako. Wageni wape mtandao wa wageni.

Gharama

Ukiwa na vifaa vinavyoelewana, zote tatu ni bure. Gharama huja pale runinga isipopokea lugha ya kompyuta yako, au ikiwa ni ya zamani isiyo mahiri. Kuna vipokezi vya Miracast vya kuchomeka kwenye HDMI, kuna vijiti na visanduku vya Google TV, na kuna Apple TV, ambayo kwa kawaida ni ghali kuliko hivyo vingine. Kabla ya kununua chochote, pima dhidi ya waya wa HDMI: bei yake ni ndogo, hautegemei mtandao, hauchelewi, na unatosha kabisa kwa mtu ambaye kompyuta yake hukaa jirani na runinga.

Kila njia inamfaa nani

Miracast inamfaa mtumiaji wa Windows anayehamahama, kama mwalimu, mkufunzi au katibu wa vikao, ambaye hajui atakuta mtandao gani aendako. Haimfai mwenye kompyuta ya ofisi iliyofungwa kwa kinga kali za mtandao, kwani kinga hizo zinaweza kuizuia isiungane.

AirPlay inamfaa mwenye Mac na runinga iliyotulia nyumbani au ofisini pamoja na ruta nzuri. Kwake yeye usumbufu ni mdogo kuliko kwa wengine wote, lakini nyumba yenye kompyuta za aina mchanganyiko itamwacha mmoja wao nje.

Google Cast inamfaa mwenye familia ya vifaa vya kila aina, anayetazama zaidi video za mtandaoni kuliko kuendesha kazi. Anayehitaji kuandika au kuonyesha programu nzima bila kuchelewa ataona upungufu wake mapema.

Mwongozo kwa hali yako

Ukiwa unaonyesha wasilisho mahali usipopafahamu, anza na Miracast kama una Windows, faili likiwa ndani ya kompyuta na si mtandaoni, na uwe na waya wa HDMI kwenye begi. Mwenye Mac asitegemee kuikuta AirPlay kila aendako. Abebe waya pamoja na kiunganishi cha kuuchomeka kwenye Mac yake.

Ukiwa nyumbani na unataka kutazama video za YouTube au ibada za mtandaoni pamoja na familia, tumia alama ya Cast iliyo ndani ya video, au fungua programu iliyo kwenye runinga. Hakuna sababu ya kuichosha kompyuta kwa kuakisi skrini nzima.

Ukiwa na hotspoti ya simu pekee na bando dogo, Miracast ndiyo salama kwa mafaili yako mwenyewe, kwa kuwa runinga haihitaji kuingia kwenye intaneti hata mara moja. Mwenye Mac katika hali hiyo atumie hotspoti kwa AirPlay, masasisho ya runinga yakiwa yamezimwa.

Ukiwa na nyaraka zenye majina na fedha za watu, chagua kwanza namna ya kutenga skrini, iwe kupanua au kurusha kichupo kimoja, kisha ndipo uangalie mambo mengine.

Na ukiwa unakwenda dukani kununua runinga, usiridhike na maandishi ya boksi. Nenda na kompyuta yako. Mwombe muuzaji awashe runinga, bonyeza kitufe cha Windows na K, au fungua alama ya kuakisi ya Mac, uone kama jina lake linatokea; kwa AirPlay na Google Cast, omba kwanza kompyuta na runinga ziunganishwe na hotspoti ya simu yako. Cheza video kwa dakika moja nzima, sikiliza kama sauti imehamia kwenye spika za runinga, sogeza dirisha huku na kule uone kama picha inakatika, kisha ndipo mzungumze bei.